Mkamwana Chini ya Bedford

Jina la baba mkwe wangu silitaji hata leo. Sisi Wanyakyusa wa zamani tulilelewa hivyo: mkamwana hamtazami baba mkwe, hasemi naye, na akimwona anakuja njiani anaingia migombani kumpisha. Kwa hiyo nitamwita Mzee. Lakini mimi, Atupakisye, ni binti wa Lazaro, fundi magari wa Tukuyu, na nilijua kufungua injini kabla sijajua kusuka nywele. Najivuna, ndiyo. Majivuno haya nimeyatolea jasho.

Mzee alikuwa na lori la Bedford, kuukuu. Zama za ruksa, biashara ilipofunguliwa, zilileta Fuso za mitumba, na wenye Fuso wakawa wanamcheka. Mbaya zaidi, Bedford ilizima kila kilima, maana bomba la mafuta lilikuwa linavuta upepo. Bomba hilo la shaba lilipotoboka, utingo wetu Andongwisye alikata palipooza, akaunga kwa mpira wa kumwagilia bustani, akaukaza kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Gari likizima, anaongeza tyubu. Mpaka pale mahali pakavimba kama mguu uliovunjika.

Asubuhi moja tulikuwa tunapeleka ndizi Mbeya. Mzee alikuwa ameapa kwamba likizima tena, analiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Gari lile lilisomesha watoto wote wa nyumba ile, mume wangu akiwamo, na ndilo lililonileta siku ya harusi. Mimi na mama mkwe tulikaa nyuma, juu ya mikungu. Tulipokaribia Kiwira, likazima.

"Basi," Mzee akasema huko mbele. "Nauza leo leo."

Damu ikanichemka. "Mama," nikamwambia mama mkwe, kwa sauti ya kufika mbele, "mwambieni baba asiuze. Atupishe kidogo, niingie chini ya gari."

Andongwisye akaangua kicheko, akaniita kwa jina la mwanangu. "We Mama Lugano! Mkweo akuone miguu?"

Mama hakumjali. Akashuka, akaenda kunong'ona dirishani. Kisha mlango ukafunguka, na Mzee, ambaye nilikuwa nikimpisha maisha yangu yote ya ndoa, akaingia yeye migombani.

Nikalala chini, nikayakata matyubu yote. Mpira ulikuwa umelainika kwa dizeli, unabonyea kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Ncha za bomba zilikuwa nyororo, zimekatwa kwa msumeno. Bomba likitoka kiwandani huwa na ukingo uliotuna mwishoni ili mpira usichomoke. Hili halikuwa na kitu cha kuushika. Hata ungelifunga kwa mnyororo, mpira ungechomoka.

Nikafungua vipande vyote viwili, nikavipuliza vikakauka, nikavipeleka Kiwira kwa Hosea, fundi redio. Akazungusha waya wa shaba karibu na kila ncha, akaulehemu ukawa pete. Dukani nikapata mpira wa mafuta wenyewe, ule mnene wenye nyuzi ndani, na klipu za chuma.

Nilivyorudi, nikasukuma mpira hadi ukavuka pete, nikakaza klipu nyuma ya pete, si juu yake. Tukatoa upepo kwenye pampu. Bedford ikanguruma, na Andongwisye akajifanya anakagua matairi.

Sauti ikatoka migombani: "Mwambieni mkamwana, aliyelitengeneza aliendeshe."

Leseni ninayo. Lakini hatukuweza kukaa mbele pamoja, kwa hiyo mama akaja kukaa nami, na Mzee, mwenye gari, akapanda juu ya ndizi. Nikageuza kioo cha pembeni nisimwone.

Kilimani injini haikukohoa. Tulipofika Kiwira, penye Fuso zimejipanga, nikamsikia anagonga paa juu ya kichwa changu.

"Fundi ni mkamwana wangu!" akapaza sauti. "Mnasikia? Mkamwana wangu! Ndaga fijo, asante sana, mwambieni!"

Mama akanitazama, anasubiri nimpe jibu alipeleke. Nikapiga honi, nikaikandamiza mpaka tukaimaliza Kiwira yote.