Mkoba wa Mama Mkwe

Kazi yangu ni kukagua mikoba. Nasimama kwenye mlango wa duka kubwa, nimevaa sare ya bluu, na kila anayetoka ananionyesha risiti na kufungua alichobeba. Nimeshakuta sabuni ndani ya kofia. Siku moja nilikuta kuku mzima wa barafu chini ya nepi za mtoto mchanga, na mama mtu akaapa kwamba hamjui kuku huyo. Kwa hiyo mawifi zangu waliponibandika jina la Mgambo, sikukasirika sana. Nilikasirika kidogo tu.

Jina lilikolea mama mkwe alipohamia kwetu. Alikuja baada ya kuanguka kwenye sherehe ya mjukuu wake aliyemaliza shule. Alikula wali, akala keki, akashushia na soda, akarudia keki, halafu miguu ikamwishia nguvu katikati ya kucheza. Sukari ilikuwa imepanda hadi daktari akatuuliza kama huyu mama tunamlisha au tunamuua. Tangu hapo mimi ndiye ninayempima, ndiye ninayempa vidonge, na ndiye ninayemnyima. Watoto wake, mume wangu akiwemo, hawawezi. Akiwatazama tu kwa lile jicho lake la huruma, wanamkatia kipande.

Halafu kuna sheria ya nyumba yao. Marehemu baba mkwe aliwalea kwa neno moja: mkono ulioshika chakula haurudishwi. Ukipewa, unapokea. Ukikataa, umemkataa aliyekupa. Mimi nililelewa kwingine, nakataa bila wasiwasi, na wao huniona sina adabu.

Ikafika harusi ya wifi yangu mdogo, kitinda mimba. Muuguzi wa kliniki alituambia, "Sherehe haina ubaya. Ubaya ni kwenda na njaa na kukaa karibu na masufuria. Ale kitu nyumbani kwanza. Huko achukue sahani ndogo, mboga zitangulie, wali na nyama kwa kiasi, anywe maji. Na keki, kama roho itakataa kutulia, kipande cha upana wa kidole." Mama mkwe aliitikia kila neno, mpole kama hajawahi kuiona keki.

Usiku wa kuamkia harusi mume wangu akaniambia, "Mke wangu, kesho mama yuko mikononi mwako. Akianguka tena, kwenye harusi ya mdogo wangu..."

Asubuhi nikampikia maharage na mchicha. Akala akamaliza bila kunung'unika, jambo ambalo lingetosha kunishtua. Nilichokiona mimi ni mkoba. Alivaa gauni la zambarau linalong'aa, viatu vya zambarau, kilemba cha zambarau, halafu akakumbatia mkoba mweusi mkubwa ambao mtu angeweza kusafiri nao.

"Mama, huo mkoba na gauni haviendani. Chukua ule mdogo."

"Uache mkoba wangu," akasema. "Mzee ana mambo yake."

Nikauacha. Nakagua mikoba ya watu wote, lakini mkoba wa mama mkwe haukaguliwi. Hata mgambo ana mipaka.

Ukumbini nikamkalisha pembeni, meza yenye chombo cha maua, mbali na chakula. Nikampakulia mwenyewe. Nikamwekea maji. Nikasimama nyuma yake kama niko kazini, hadi wifi mkubwa akaniita nikasaidie kugawa sahani. Nikaenda kwa shingo upande.

Niliporudi, wifi mkubwa alikuwa amenitangulia na anaondoka pale mezani akijifuta vidole. Kwenye sahani ya mama kulikuwa na mafuta ya kuku wa kukaanga. Kuku mwenyewe hakuwepo.

"Mama, hapa kulikuwa na nini?"

"Hapa wapi?"

Nikageuka kutafuta kiti. Kufumba na kufumbua, shemeji yangu, fundi bomba, alikuwa amepiga magoti mbele ya mama na kipande cha keki. Nikamfukuza kwa macho. Keki ilikuwa imeshakwenda. Nikaenda kumwambia mume wangu awazuie ndugu zake, nikakuta kiti chake kitupu. Kumbe yuko kule nilikotoka, anamwinamia mama na glasi ya soda. Nilipofika, glasi tupu, na mume wangu anatazama dari.

Damu ilinichemka. Nikamwona mama anapokea kipande kingine cha keki kutoka kwa shangazi wa bwana harusi, kipande chenye waridi la sukari juu yake, na nikapaza sauti, "Mama! Weka hiyo keki chini!"

Sasa, mshereheshaji alikuwa ameomba ukimya dakika hiyo hiyo ili maharusi waombewe. Ukumbi mzima ulinisikia. Bi harusi alinisikia. Nadhani hata wapishi nje walinisikia.

Wifi mkubwa akaja mbio. "Yaani leo, mbele za wakwe, unamnyang'anya mama yetu tonge mdomoni? Umekosa nini kwako hadi umnyime mzee chakula?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Machozi yalinilenga nikayarudisha kwa nguvu, maana mgambo akilia watu hucheka. Mama mkwe hakunitetea hata kwa neno moja. Aliufunga mkoba wake, akatulia, akasikiliza maombi.

Baadaye muziki ukapigwa. Mama akacheza, mkoba begani. Alicheza hadi wakwe wakampigia vigelegele, halafu akarudi na kujibwaga kitini, jasho linamtiririka, anapepea uso kwa mkono. Ile sherehe ya mjukuu ikanirudia yote. Nilimshika mkono nikamwingiza chumba alichovalia bi harusi, na watoto wake wakatufuata mmoja mmoja, nyuso zimewashuka.

"Semeni," nikawaambia. "Nani amempa nini?"

Wifi mkubwa akasema, "Mimi paja moja tu la kuku. Na viazi kidogo."

"Mimi keki," akasema fundi bomba. "Kidogo tu. Mara mbili."

Mume wangu alikuwa anakagua viatu vyake. "Soda. Nilidhani ni mimi peke yangu."

Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chenyewe ni mama yao! Nikatoa kipimo kwenye pochi yangu, nikamtoboa kidole. Namba ikatokea. Ilikuwa nzuri. Nikapima tena. Ilikuwa nzuri vilevile.

"Kifaa kimekufa," akasema fundi bomba. "Hebu nipime mimi."

Nikampima. Kifaa kilikuwa kizima kabisa. Sukari ya fundi bomba ndiyo iliyotufanya tutazamane, na Jumatatu ile alikwenda kliniki na miguu yake mwenyewe.

Hapo mama mkwe akaangua kicheko. Akausukuma mkoba mweusi hadi miguuni kwangu. "Mgambo. Si ndiyo kazi yako? Kagua."

Nikafungua. Ndani alikuwa ametandika mfuko wa nailoni, kazi ya mtu aliyejipanga tangu nyumbani. Paja la kuku. Viazi. Keki ya shemeji, vipande viwili, imefungwa kwenye karatasi za kufutia mikono. Waridi la sukari lilikuwa limeganda kwenye kasha la miwani.

"Na soda?" akauliza mume wangu.

"Maua ya pale mezani yalikuwa na kiu."

"Na hili jasho?"

"Nimecheza, baba. Na gauni lenyewe halipitishi hewa."

"Si ungekataa tu, mama," wifi mkubwa akasema, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Mkono wa mwanangu nitaurudishaje? Baba yenu angefufuka."

Wote wakacheka. Mimi sikucheka. Nikamgeukia. "Mama, nimeaibika mbele ya watu wote. Ungenikonyeza tu. Jicho moja lingetosha."

Akanitazama, na lile jicho la huruma halikuwepo. "Ningekukonyeza, ungeacha kunigombeza," akasema. "Mama yangu alinifia sijaolewa bado. Tangu hapo watu wananiamkia, wananiinamia, wananikatia keki. Hakuna aliyenigombeza. Leo umenipigia kelele ukumbi mzima ukasikia, mwanangu, nikajiona bado nina mwenyewe."

Yale machozi niliyoyarudisha ukumbini yalikuja yote pamoja. Wifi mkubwa alinipa kitambaa chake, na kwa mtu wa kiburi kama yeye, huko kulikuwa kuniomba radhi.

Mama akatumbukiza mkono mkobani, akatoa kipande cha keki, akakivua karatasi. "Muuguzi alisema upana wa kidole. Pima, Mgambo."

Nikaweka kidole changu, nikamkatia. Akakitia mdomoni, akafumba macho, akakila taratibu hadi kikaisha. Kisha akamega kipande kwenye kilichobaki, akaninyooshea. Nilikuwa nimeshiba hadi shingoni, na ile keki ilikuwa imeshinda mkobani pamoja na chupa ya dawa ya kuchua magoti. Mkono wake ukabaki hewani, unanisubiri.

Nikapokea, nikaila yote.