Unyoya Juu ya Tindikali

Wanawake wa kisimani walisema Joost, yule mchora picha za shaba, hakupofushwa na uzee. Alipofushwa na tindikali. Ati kila siku aliinamia sinia ya tindikali, ile inayokula mistari kwenye bamba la shaba, akipangusa mapovu kwa unyoya, na ule moshi ukamla macho kidogo kidogo, kama kutu ilavyo bawaba. Wendelmoet alisikia, akabeba ndoo yake akaenda zake. Maneno yakamfuata nyumbani, yakalala naye, yakaamka naye.

Maana Aefje, bintiye, alikuwa akifanya kazi hiyo hiyo, jikoni, dirisha limefungwa.

"Fungua dirisha, mwanangu."

"Vumbi, mama. Lile bamba jingine nta yake bado mbichi. Chembe zikinasa, watu wa Haarlem watasema nimeuchora mji wao una ndui."

"Basi usiiname hivyo."

"Nisipoinama, mapovu nitayaona kwa kisogo?"

Wendelmoet alikwishachoka hata kugomba. Tangu mumewe afe, yeye ndiye aliyezungusha gurudumu la mtambo wa kuchapia, na mabega hayakuwa tena mabega, yalikuwa maumivu tu.

Siku hiyo Aefje alimaliza picha ya mto na daraja. Mistari aliyoichora kwa sindano juu ya nta iliyofunika bamba ilikuwa imeliwa vizuri na tindikali. Akaliosha bamba, akalipaka wino, akalipangusa kwa kiganja, akailaza karatasi yenye unyevu juu yake. Mama akavuta gurudumu, akaguna. Karatasi ikabanduliwa.

Kinu cha upepo kilikuwa upande wa soko la samaki, si ng'ambo ya mto kilipo.

Bamba na karatasi ni kama mtu na kioo: cha kushoto hutokea kulia. Kwa hiyo mchoraji huuchora mji kinyume, ili karatasini utoke sawa. Aefje aliijua kazi hiyo tangu akichezea majivu ya jiko. Hakuwa amewahi kukosea.

"Aefje, kinu kiko wapi?"

Aefje akaisogeza karatasi hadi ikakaribia kumgusa pua. Macho yake yalikuwa mekundu, yakichuruzika.

"Si hicho hapo, ng'ambo, mahali pake."

"Kiko kwenye samaki, mwanangu."

"Mama nawe kwa utani! Kinasaga dagaa?" Akacheka. Akaipeleka karatasi kwenye mwanga, akaigeuza, akaigeuza tena. Kicheko kikakatika. "Mimi naona weusi tu, mama. Tangu mto ulipoganda kwa baridi."

"Na hukusema?"

"Ningesema, ungefungua dirisha."

Wendelmoet akaenda akalifungua. Upepo ukaingia na vumbi lake, likatua juu ya nta mbichi, na hakuna aliyeinuka kulifunika lile bamba. Wakakaa tu, mama amemshika binti mkono wenye wino.

Siku hizi ni Aefje anayevuta gurudumu, kwa kupapasa. Na Wendelmoet kisimani haondoki na maneno ya watu tena. Humwachia yake kila mwenye mtoto katika kazi hii, aulizwe asiulizwe:

Usimimine tindikali katika chumba kilichofungwa.
Usiiname juu ya sinia. Unyoya ufungwe kwenye kijiti kirefu.
Usifikiche macho kwa mkono wa kazi.
Usiipende nta kuliko macho.
Mtoto akisogeza karatasi puani, usingoje akuambie.
Usichoke kugomba.