Maji Nyuma ya Ghala

Siku hizi baba mkwe na mkamwana wanaketi kochi moja, wanaombana vocha. Sisemi kitu, mimi mwenyewe huomba. Lakini mwaka wa hamsini na nne heshima ilikuwa na miguu, na siku moja ilinikimbia mimi.

Nilikuwa nimempenda Anania, Mnyakyusa wa Tukuyu, seremala pale misheni. Alikuwa na mabega mazuri, Mungu anisamehe. Baba yake akapanda basi mpaka kwetu Iringa kuja kuniposa, Anania mwenyewe akiwa naye. Sisi Wahehe wa kijiji kile tulimpima mkamwana kwa maji ya kunawa, basi shangazi Verediana akanifunza wiki nzima: piga magoti, inamisha uso, mpe mzee maji.

Nikaingia na bakuli, nikapiga magoti. Yule mzee kuniona tu, akajifunika blanketi gubigubi, akatoka mbio, akajificha nyuma ya ghala la mahindi.

Baba akaweka kiko chini. "Asiyepokea maji ya mwanangu haozeshwi hapa. Huyo hana utu."

"Sivyo, baba," Anania akasema, jasho likimtoka. "Kwetu mkamwana na baba mkwe hawaonani kabisa. Kukimbia kwake ndiyo heshima. Nilisahau kuwaambia."

"Ulisahau?" shangazi akamuuliza. "Hicho kichwa unacho cha kuvalia kofia tu?"

"Mimi nimeshasema," Baba akajibu. "Maji ya Tekla ayapokee, au mrudi kwenu."

Basi mzee wa ndani anashika adabu yake, mzee wa nje anashika ya kwao, na ndoa yangu inakufa katikati kwa adabu za watu.

Nikatokea mlango wa jikoni na bakuli langu. Nikaenda kinyumenyume, mgongo mbele, kuku wananishangaa. Nikaliweka kwenye kona ya ghala, nikakohoa, nikakimbilia jikoni.

Kisha tukasikia maji yakichuruzika mikononi mwa mtu.

"Ndaga, asanteni," sauti nzito ikasema kule nyuma. "Maji baridi haya. Aliyeyaleta simjui, ila aliyemlea hakulala kazini."

Shangazi akajiziba mdomo na kanga. Baba aliokota kiko, akakitazama kama si chake.

"Tekla, usitoke jikoni," akasema. "Mwiteni mgeni aingie, pombe inapoa."

"Pombe huwa inapoa, kaka?"

"Verediana, mwite mgeni."

Nikaolewa Tukuyu. Mzee yule akija njiani alikuwa anakohoa tangu mbali, ili nipate kuingia migombani na mzigo wangu wa kuni bila kukurupuka. Nilipokuwa na mimba ya kwanza, mvua inanyesha na njia inateleza, nilikisikia kikohozi, nikaanza kutafuta pa kujificha. Kabla sijapata, nikasikia majani ya migomba yakivunjika upande wa pili. Mzee alikuwa amejitupa humo yeye, na blanketi lake, ili mimi nipite.