Unga wa Mzazi

Mwanahawa alikirudisha kitabu kikiwa kimefungwa ndani ya khanga, vilevile anavyofunga msahafu wake. Akavua ndala mlangoni. Maktaba ya kata yao, huko milimani Kondoa, zamani ilikuwa ghala la ushirika, na mpaka leo jua likipanda kuta zinatoa harufu ya alizeti. Evelina, binti wa mtaa wa Kikuyu, Dodoma mjini, aliyepangiwa kuisimamia, alikwisha kuchoka kuwaambia watu wasivue viatu. Wanawake wa kule walikuwa na lao: palipo na vitabu huingii na vumbi la njia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeleta amana yenu."

"Kimekufaa?"

"Kimenifaa sana. Nimefanya yote kiliyosema."

Evelina alifurahi. Wanawake waliokuwa wakiazima walikuwa wa kutafuta kwa tochi. Waliozoea kuja ni wanafunzi, na mtendaji aliyefuata magazeti ya wiki iliyopita. Akachukua muhuri wa kupokelea.

"Kwa hiyo mahindi umeyatupa. Pole, mama."

"Niyatupe yana nini? Nimeyaosha, nimeyaanika, nimesaga."

Muhuri haukugonga.

Mambo yalianza hivi. Katikati ya mvua paa la Mwanahawa lilivuja upande wa kihenge, na alipokuja kutia mkono ndani, mahindi yalikuwa ya moto, yameshikana mabonge, mengine yameota ukungu wa kijani. Mavuno mapya yalikuwa bado mbali shambani. Akasikia kuwa maktaba ina kitabu kinachosema habari za mahindi, akaenda, akakiuliza, akapewa. "Kakisome taratibu nyumbani," Evelina alimwambia.

Sasa Mwanahawa ni msomaji. Msahafu ameukhitimu zaidi ya mara moja, na maulidi anaisoma watu wakatulia. Ila herufi za shule hakufundishwa. Baba yake alipeleka wavulana. Nyumbani hilo halikuwa jambo, lakini mbele ya binti yule wa mjini mwenye kalamu sikioni, ulimi ulimganda. Akachukua kitabu, akasema ahsante.

Msomaji wa herufi za shule katika ukoo wao alikuwa shemeji yake, Khalidi, ndugu wa marehemu mumewe. Ndiye aliyeusomea mlima mzima barua za posa na matangazo ya mkutano. Khalidi alikaa kwenye kigoda, akakohoa, akasoma mwanzo kwa sauti ya mahakama. Halafu sauti ikapungua. Halafu akakishika kitabu mbali, akakileta karibu, akakipeleka tena mbali.

"Wanasema," alisema hatimaye, "mahindi yakilowa uyaoshe vizuri, uyaanike juani mpaka yalie kwenye meno, kisha usage. Si unaona na picha? Mama anaosha mahindi kwenye beseni."

"Naona. Na hii alama nyekundu, mistari miwili iliyokatana juu yake?"

"Hiyo ya kukazia. Maana yake usije ukasahau."

Ndivyo mama yake Mwanahawa alivyofanya miaka yote, na bibi yake. Akaona kumbe kitabu na bibi ni kitu kimoja. Akaosha, akaanika, akasaga.

Evelina alikifungua kitabu palepale penye picha, akaanza kusoma, si kwa kunong'ona. Kwamba ukungu ule una sumu, jina lake sumukuvu. Kwamba kuosha hakuitoi, kupika hakuiui. Kwamba mahindi yaliyoota ukungu namna hiyo asile mtu, asile mfugo. Kwamba huharibu ini, na wadogo ndio huwahi kudhurika.

Mezani alikuwapo mwanachuo wa Chimwaga, kule chuo kikuu Dodoma, aliyekuja likizo. Akainua kichwa, akaonyesha kidole ukutani. "Dada, si mmeandika wenyewe pale, kimya?"

"Nimeandika mimi. Soma chako."

Mwanahawa alikuwa akiitazama ile alama. "Mwanangu, si ndiyo hii wanayozipiga nyumba zilizoingia barabarani?"

"Ndiyo hiyo, mama."

"Nazo huwa zinabomolewa."

"Zinabomolewa."

Mwanahawa akakaa chini, sakafuni, ingawa benchi lilikuwapo. Evelina alidhani ni kwa ajili ya kihenge, akaanza kumpa pole ya njaa.

"Njaa naijua, tumezoeana," Mwanahawa alisema. "Unga ule nimempelekea mzazi."

Binti yake, Asma, alikuwa amejifungua kwa mumewe Nzuguni, Dodoma mjini, na arobaini haijatimia. Kwao, unga wa uji wa mzazi hutoka kwenye kihenge cha mama yake mwenyewe. Wa dukani hauhesabiki. Na ukishapelekwa haurudishwi wala hausemwi vibaya, kwa sababu anayeurudisha huonekana amemnyang'anya mtoto riziki yake ya kwanza. Mkwe wake, Hamza, ndiye aliyekuja kuubeba, akaupakia kwenye basi pamoja na kuku wawili. Asma akapiga simu baadaye: "Uji mtamu, mama. Una harufu ya nyumbani." Mwanahawa alikaa na neno hilo kama mtu anayeota moto.

Sasa hesabu zikamjia. Asma anakunywa uji, mtoto ananyonya. Na juu ya yote kuna mama yake Hamza, Bi Naima, mwenye duka na kauli. Siku ya ndoa, mbele ya watu, Bi Naima alisema kuwa watu wa milimani hata pilau yao ina mchanga. Mtu wa namna hiyo ukimwambia umemlisha mwanao sumu, utaisikia mpaka kwenye khitma yako.

"Nimwambie panya ameingia kwenye gunia," alisema. "Ntawatumia mwingine."

"Watampa jirani, mama. Au kuku."

"Na kuku hawafai?"

"Hawafai."

"Basi huo uongo hautoshi." Akanyanyuka. "Nitolee namba ya mkwe, Bi Naima, mwanangu. Simu yangu inapiga tu, majina siyaoni."

Mtandao ulishika pale mlangoni, kwenye ndala. Akasimama baina ya ndala za watu, simu sikioni.

"Mkwe!" Bi Naima aliitika kwa sauti ya dukani. "Za milimani?"

"Njema. Mzazi hajambo?"

"Mzazi mzima, mtoto mzima. Usiku analia huyo kama mnadi wa mnadani. Kwenu mna mapafu."

"Mkwe, ule unga alioubeba Hamza."

"Enhe."

"Una sumu."

Upande wa pili televisheni ilisikika, mtu anatangaza mpira. Kisha ikapunguzwa.

"Hebu sema tena."

"Mahindi yalilowa, yakaota ukungu. Nikayaosha nikidhani yamepona. Nimesomewa kitabu sasa hivi hapa maktaba, hayaponi. Mtoeni mzazi kwenye huo uji leo hii. Na ini lake likapimwe, na la mtoto. Maneno yako utaniambia baadaye, nitayasikiliza yote."

Bi Naima alishusha sauti.

"Mkwe, nikwambie kweli, usinune?"

"Niambie."

"Hatujaufungua. Upo stoo, chini ya ndoo za rangi, na kamba yako vilevile. Asma anakunywa uji wa pakiti. Mimi ndiye niliyesema huo wa milimani una mchanga."

Mwanahawa aliutazama mlima wa mbele. "Asma aliniambia uji mtamu."

"Alikuwa anakusitiri. Na mimi ananisitiri."

"Alhamdulillahi," alisema Mwanahawa, na alimaanisha kila herufi. Ikamuuma vilevile. Zawadi yake ilikuwa imelala chini ya ndoo za rangi tangu siku ile, na kulala kwake huko ndiko kulikomwokoa mjukuu. Hakujua amshukuru nani, akaona bora asimshukuru mtu. "Kaufukieni. Shimo liwe refu."

"Nitasimamia mwenyewe. Ila, mkwe, si mmesema kwenu ni mwiko kurudisha cha mzazi?"

"Mwiko ni wangu, nitaubeba."

"Basi ushike upande mmoja, na mimi niushike mwingine. Nami nimeuvunja, unga sikuupika."

Mwanahawa alirudi ndani, akangoja Evelina agonge muhuri, kisha akakiomba kitabu tena kwa siku chache. Evelina akamwandikia bila kuuliza neno.

Nyumbani alimkuta Khalidi barazani.

"Shemeji, chukua jembe."

"La nini wakati huu?"

"Tunazika mahindi."

Khalidi alikitazama kitabu ndani ya khanga, akainuka kulifuata jembe. Walichimba nyuma ya zizi mpaka udongo mwekundu ukaanza kuwa mgumu. Mahindi yaliyokuwa hayajasagwa yaliteremshwa kwa madebe, na ule unga uliobaki juu yake, ukapanda kama moshi. Kuku walikuja mbio wakidhani ni karamu. Mwanahawa aliwafukuza kwa mawe, wakarudi, akawafukuza tena.

"Miwani yangu ilivunjika siku ya maulidi," Khalidi alisema akiwa ndani ya shimo. "Pale kwenye herufi ndogo sikuona kitu. Nikasema ninachokijua."

"Nilijua."

Khalidi akasimamisha jembe. "Ulijua?"

"Ulisoma maneno mengi, na ukurasa hukufunua. Mimi si mtu wa kutojua namna kitabu kinavyosomwa." Akamwaga debe jingine. "Lakini ulikuwa unasema ninalolitaka. Nikakuacha usome."

Khalidi akatoka shimoni, akaanza kurudisha udongo, naye Mwanahawa akaukanyaga kwa miguu mitupu, akizunguka, huku kuku wamesimama pembeni wanangoja aondoke. Hakuondoka. Alituma mtu alete miiba, akaifunika sehemu yote, kisha ndipo akaenda kuuliza kwa jirani kama kuna mtama wa kuazima.