Mkono Usioachia

Kuuguza ni kazi isiyo na Jumapili. Tangu kiharusi kimwangushe mumewe, Shibuda, katika shamba lao la mihogo pale Nemba, Kwandu ndiye wa kumgeuza, kumlisha na kumwosha. Majirani wakipita humwambia, "Vumilia, mama." Kwao ni rahisi kusema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Sasa mama yake mzazi yu mahututi kule Kasulo, na kila simu inayoingia inamwita awahi. Lakini Kwandu kalelewa Kisukuma: mke hatoki nyumbani bila kumpigia mumewe magoti na kumpa mkono wa kuaga. Kila alipopiga magoti, mkono wa Shibuda ulimdaka ukambana. Mzee hana kauli tena, ila mkono ulikuwa umesema: usiende. Basi Kwandu alibandua vidole kimoja kimoja, akalifungua begi la safari alilokwisha kulifunga, akarudi jikoni na donge rohoni. Ilifika mahali akawa anamlisha uji bila kumtazama.

Leo asubuhi alimpandisha bajaji, akampeleka zahanati, ambako Evarista, mtaalamu wa viungo, alikuwa amekuja kuona wagonjwa. Binti huyo hakumaliza hata shikamoo yake.

"Marahaba. Daktari, huyu mzee amenifunga! Hataki nimwone mama yangu angali hai."

Akamweleza yote. Evarista akapitisha mpini wa kijiko kwenye kiganja cha Shibuda. Vidole vikaudaka.

"Umeona, mama? Hata kijiko hakiachii. Kiharusi kimeharibu sehemu ya ubongo inayouzuia mkono. Ukigusa kiganja, unajifunga wenyewe, yeye hajaamua lolote. Kushika si kwa hiari yake. Angeweza kuachia, huko ndiko kungekuwa kwa hiari yake, na ni kazi ngumu mno."

Kwandu alilia njia nzima. Alikuwa amemchukia mtu ambaye hakumkataza.

Nyumbani walimkuta Nyamizi, wifi yake, amekuja kumpokea zamu. Kwandu akafunga begi, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Baba Mhoja, naenda kumwona mama."

Mkono ukamdaka. Safari hii hakubandua vidole. Alimtazama mumewe usoni. Jasho lilimtoka Shibuda, mishipa ya shingo ikasimama. Kidole cha mwisho kikatetemeka, kikainuka. Kikafuata cha pili. Mzee alihema kama aliyebeba gunia la mihogo kutoka bondeni, hadi kiganja kikafunguka chote. Kwandu akaelewa kwamba ameruhusiwa, na kwamba mumewe yumo humo ndani, alikuwamo siku zote.

"Wifi, bodaboda imefika!" Nyamizi aliita kutoka nje.

Kwandu akataka kusimama. Hapo ndipo alipoona kuwa sasa ni yeye aliyeung'ang'ania mkono ule kwa mikono yake miwili, wala hajui aliamua saa ngapi.