Sindano ya Mzee Kho

Sindano ya dira iligoma asubuhi ile tuliyompandisha mume wangu Bun-hiong mlimani kumzika.

Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka chini, na saa njema ya kuzika ilikuwa inakaribia. Shemeji yangu A-hok akasogeza lori, akavuta nyaya mbili kutoka kwenye betri mpaka kwenye taa tuliyotundika juu ya kaburi. Mzee Kho, anayepimia kijiji chetu makaburi, akaweka sinia la mchele juu ya meza kando ya kaburi, akausawazisha kwa kiganja, akalaza dira yake juu ya mchele. Akafukuza kila mwenye chuma.

"Majembe kule! Na wewe mwenye panga, unataka marehemu alale kifudifudi?"

Jana yake mchana, kwa dira hiyohiyo, alipigilia vigingi vya kuonyesha kichwa kielekee wapi. Sasa sindano ilitazama pembeni kabisa. Akaitikisa dira, akasubiri. Pembeni vilevile.

"Bun-hiong huyo," mchimbaji mmoja akanong'ona. "Hata nguo alikuwa anachagua siku nzima."

Mama mkwe hakucheka. "Mwanangu hataki kulala. Ana neno moyoni."

Mzee Kho akanitazama. Katika hesabu yetu ya miaka ya wanyama, mimi ni mzaliwa wa mwaka wa simbamarara, na mwaka wangu na wa mume wangu haipatani. Kwetu, mtu kama mimi hugeuka mgongo jeneza linaposhuka. Kwa ajili ya mtoto nilikuwa nimeombewa ruhusa, nimtazame mume wangu mara ya mwisho, nimtupie udongo kwa mkono wangu.

"Ashuke kule chini kwenye lori," Mama akasema. "Yeye na mtoto. Mpaka mwanangu atulie."

"Mama, nakuomba..."

"Umemsikia mumeo au hujamsikia?"

Nikashuka, A-ling mgongoni, analia njaa. Niliegemea lori, mkono ukagusa waya wa betri. Ulikuwa na uvuguvugu.

Bun-hiong alikuwa fundi wa kusuka mota. Nilipoanza masomo ya jioni, mwalimu alipitisha waya juu ya dira ndogo, akaunga betri, sindano ikageuka. Nilirudi nyumbani mbio kumsimulia mume wangu. Alicheka mpaka akaweka bakuli la uji chini.

"Mke wangu, kwani mimi nakula kwa kitu gani? Shaba peke yake haivuti hata pini. Pitisha umeme ndani yake, inakuwa sumaku. Isokote mizunguko mingi, nguvu inaongezeka, mota inazunguka. Na ukizungusha sumaku karibu na waya, umeme unakuja wenyewe. Hao wameoana. Ukimgusa mmoja, mwenzake anaitika."

"Na wakiachana?"

"Hawajui kuachana."

Nikaufuata ule waya kwa macho. Mwenzake ulipita kando, lakini huu ulipanda mlima, ukaingia chini ya kitambaa cha meza, ukapita chini ya sinia la mchele, ukatokea upande wa pili kwenda kwenye taa.

"A-hok! Chomoa waya!"

"Shemeji, tutaona nini?"

"Chomoa tu!"

Taa ikazimika. Watu wakaguna. Nilipanda mbio, Mama akanizuia kwa fimbo yake, lakini Mzee Kho alikuwa ameshainamia dira na tochi ya mtu. Sindano ilikuwa inarudi, inayumba, inarudi, mpaka ikalala sawasawa na vigingi vya jana.

"Washa," akasema. Ikaenda pembeni. "Zima." Ikarudi.

Akajipiga paji la uso. "Miaka yote nafukuza majembe. Shaba nikaiona haina neno."

Wachimbaji wakaanza kucheka kwa ahueni. Mimi nilikuwa namtazama Mama. Fimbo ilikuwa imeshuka.

"Kwa hiyo hakuwa yeye," akasema.

"Siyo yeye, Mama. Ni umeme."

"Hakukasirika."

"Hapana, Mama."

Akakaa juu ya kifusi, nguo yake nyeupe ya msiba ikachafuka, asijali. "Nilifurahi," akasema polepole. "Alipokasirika nilifurahi. Nikasema, kumbe bado yupo."

Mwalimu hakutufundisha hilo. Nilipiga magoti nikamshika mikono, ilikuwa ya baridi, tukalia pamoja kwa mara ya kwanza tangu Bun-hiong afariki hospitalini.

Baadaye akafuta uso. "Washa tena. Mara moja tu."

A-hok alinitazama. Nikashuka nikaunga waya mwenyewe, nikarudi kusimama nyuma yake. Sindano ilikuwa imegeuka kama mtu aliyeitwa jina. Mama akaiinamia karibu kabisa, midomo ikicheza, maneno yake sikuyasikia wala sikutaka kuyasikia.

"Haya," akasema. "Zimeni. Saa inapita."

Wakaazima tochi mbili, wakazishika mbali na meza. Kamba za jeneza zilipoanza kushuka, niligeuka mgongo kwa mazoea. Mama akanishika bega, akanigeuza, akamfungua A-ling mgongoni mwangu na kumpakata.

"Mtazame," akasema. "Alikuwa anakupenda."

Nikachota udongo.