Saa ya Jayapura

Kutoka Jayapura, mashariki ya nchi, hadi Banda Aceh kwetu, magharibi kabisa, ni kilomita elfu tano na ushee, ndege tatu, kutwa nzima umefungwa mkanda. Nimekuwa mkunga huko Papua miaka kumi na miwili na safari hiyo naijua. Siku Ayah, baba yetu, alipofariki, niliondoka alfajiri, na mdogo wangu Zulfan, anayeniita Kak, yaani dada, akaniahidi: "Imamu amekubali tungoje mpaka Alasiri, Kak. Zaidi ya hapo hapana. Ukifika tutakufunulia sanda umwone uso."

Uso tu. Sikutaka kingine.

Jakarta nilifika simu imeisha chaji. Tiketi ilisema tunaondoka saa saba, na saa yangu ya mkononi ilisema saa nane na dakika tano. Nikajua ndege imechelewa, kama kawaida yao. Nikapiga hesabu: tungetua saa kumi na moja unusu, Alasiri imeshapita. Nikaazima simu ya mama mmoja aliyekuwa akifagia.

"Zulfan, ndege imechelewa, msiningoje. Mzikeni sasa hivi."

"Una hakika, Kak?"

"Nimeshasema. Ayah asicheleweshwe kwa sababu yangu."

Kwetu dada mkubwa akishasema, imekwisha. Nililia chooni, nikanawa, nikapanda ndege.

Tulipokwisha kupaa, rubani akatangaza kwamba tungetua saa tisa na dakika hamsini.

"Msikie huyu!" nikamwambia mzee wa dirishani. "Saa tisa na robo imeshafika, yeye bado anaota."

Mzee akachungulia saa yangu. "Binti, umetokea wapi?"

"Jayapura."

"Basi hiyo ni saa ya mashariki, iko mbele saa mbili. Huku ni saa saba na robo. Hukuirudisha?"

Mkunga mzima, ninayeandika dakika ya kila mtoto anayezaliwa! Nilijichukia mpaka taya zikauma. Ndege haikuchelewa hata kidogo. Ningemwona.

Nikamwita mhudumu. "Nataka kupiga simu, mwanangu, nakuomba."

"Samahani, Bu," akaniita mama kwa heshima. "Huku angani haiwezekani. Kaa tafadhali."

"Wanamzika baba yangu!"

"Pole sana, Bu." Akanifunga mkanda yeye mwenyewe, taratibu, na upole wake ukanichoma.

Nilikaa hapo saa mbili na nusu. Sasa wanambeba. Sasa wanamteremsha. Sasa wanamlaza kuelekea kibla. Mzee alinipa peremende, nikaishika mpaka ikayeyuka kiganjani. Mtu akifungiwa chumbani hugonga mlango, hupiga kelele. Mimi nilikuwa na kiti na mkanda tu.

Tulipotua, Zulfan alikuwa ameshafika uwanja wa ndege, udongo mbichi kwenye pindo za suruali. Msikiti wa jirani ulikuwa ndio kwanza unaadhini Alasiri.

"Kak! Mbona mapema hivi? Alhamdulillahi." Akanibusu mkono. "Wajomba walitaka tukungoje, nikagombana nao. Nikawaambia Kak Ros kasema sasa hivi, basi ni sasa hivi. Sikukosea, eti?"

Hakuuachia mkono wangu.

"Hukukosea," nikamwambia.